Bwana Stotz na Kadi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Leo, Ijumaa tarehe 29 Machi 2019, ifikapo saa sita mchana, Bwana Eberhard Stotz, mpiga majaribio wa bastola za shabaha katika kiwanda cha Hummler hapa Eschingen, anastaafu baada ya kutumikia miaka arobaini na mitano na miezi saba. Ofisi imeniagiza nimwandikie wasifu wa programu hii ya chakula cha kumuaga: uwe mchangamfu, usizidi ukurasa mmoja, na usiguse modeli mpya. Mimi ni Hannelore Kipp wa chumba cha kufungashia, mwaka wa thelathini na moja huu. Nimepewa kazi hii kwa sababu mashine ya kuchapa vijitabu iko kwangu, na kwa sababu wenzangu wote walipoulizwa waliangalia viatu vyao. Uchangamfu nitajitahidi. Ukurasa mmoja umenishinda. Hilo la tatu mtaliona wenyewe.

Bwana Stotz aliingia kwa Hummler Septemba 1973, mvulana wa miaka kumi na mitano mwenye masikio makubwa, na masikio hayo bado anayo. Siku ya kwanza mzee Hummler, mwenye kiwanda, alimpa pande la chuma na tupa, akamwambia alisugue mpaka pande zote sita zilingane. Alisugua wiki sita. Vidole vilichubuka, akafunga vitambaa, akaendelea. Siku ya mwisho mzee akalipokea lile pande, akalipima huku, akalipima kule, akaliweka mezani na kwenda zake bila neno. Kijana akarudi nyumbani. Mama yake akamuuliza, "Haya, mzee kasemaje?" Akajibu, "Hakusema kitu." Mama akaoka keki ya tufaha siku hiyo hiyo. Huku kwetu Swabia, mtu asipokulaumu ameshakusifu, na wasiojua hilo hudhani sisi hatuna shukrani.

Nalisema hili mapema, lakini mjue pia kwamba si kila kimya ni sifa; hiki cha Bwana Stotz cha miezi hii mitatu sicho.

Vijana mlioajiriwa juzi mnadhani bastola ya hewa ilizaliwa na mtungi wake. Thubutu! Mwaka 1973 bastola yetu ilikuwa na wenzo ubavuni. Unaufungua, unaubana kwa nguvu, hewa inashindiliwa ndani, unapiga risasi moja. Kisha unaanza upya. Shindano zima ni hivyo hivyo, mpaka mkono unaotakiwa kutulia unatetemeka kwa kubana wenzo. Bwana Stotz aliupenda wenzo ule. Kila shuti lilikuwa na hewa ileile, halipungui wala halizidi, na kama ulikosea, ulikosea wewe.

Ikaja modeli ya gesi, ileile gesi inayotoa povu kwenye soda. Wachezaji wakafurahi, mikono ikapumzika. Bwana Stotz akaipeleka ukumbi wa klabu Januari, hita ikiwa imezimwa, akaonyesha jinsi risasi zinavyoshuka chini gesi ikipata baridi. Wakubwa wakanuna, lakini mzee Hummler akasema modeli itoke na karatasi ya onyo. Miaka kumi baadaye ukaja mtungi wa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, na Bwana Stotz akaucheka wiki nzima. "Sasa tunauza mitungi ya wazamiaji," alisema. Wiki ya pili aliupiga risasi elfu mbili. Wiki ya tatu alikwenda ofisini kwa miguu yake mwenyewe, akavua kofia na kusema, "Nilikosea. Hii ni nzuri kuliko ya wenzo." Kwa hiyo msije mkaniambia ni mzee wa mambo ya kale anayeogopa vitu vipya. Nimeshasikia maneno hayo huko juu ghorofani, na aliyeyasema alikuwa na miaka minne tu katika kazi hii.

Matundu madogo karibu na mdomo wa mtutu, yanayozuia bastola isiinue pua, Bwana Stotz aliyafanyia majaribio mpaka yakapata mahali pake. Ile silinda ndogo ya chuma ya ndani, ile inayorudi nyuma na kumeza teke la shuti, yeye ndiye aliyesema ipunguzwe gramu nne, na ilipopunguzwa wahandisi wakapeana mikono wao kwa wao. Kishikio kinachozungushwa kufuata kifundo cha mkono ni wazo lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Alilichonga kwa mbao ya mjozi kwenye meza yake ya jikoni, likasajiliwa kwa jina la kiwanda, naye akaletewa kikapu cha soseji. Zile soseji tulizila pamoja wakati wa chai ya saa tatu, na mkate wa kusokotwa wenye siagi. Alinigawia kubwa zaidi, akasema, "Kula, Bi Kipp, huu ndio ubunifu wangu."

Nilikuwa bado Bi Kipp wakati huo. Vijana siku hizi wanaitana majina ya kwanza kabla hata ya kutundika koti, lakini sisi wa zamani hatukulelewa hivyo. Miaka kumi na tisa tuliitana Bwana Stotz na Bi Kipp, meza yake na meza yangu zikiwa hatua tano. Siku ya sherehe ya klabu ya shabaha mwaka 2007, alipomtungua tai wa mbao na kuvishwa mkufu wa mfalme wa wapiga shabaha wa mwaka, alinijia na glasi mbili za divai nyeupe. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Mimi ni Eberhard." Nikasema, "Mimi ni Hannelore." Tukanywa. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro, nikarudi nyumbani kama msichana aliyepewa zawadi, na sioni haya kuliandika.

Sasa nije kwenye kadi, maana ndiyo kazi yake aliyoifanya tangu mwaka 1981.

Kila bastola inayotoka hapa huwekewa kadi ya shabaha ndani ya boksi. Kadi ina risasi tano zilizopigwa na bastola ileile, kutoka mita kumi, na namba ya bastola, na jina la aliyepiga. Mnunuzi akifungua boksi, kabla hajagusa chuma, huitazama kadi. Viwanda vingine hufunga bastola kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, na kuipiga hivyo, na wala si vibaya. Mzee Hummler alikataa jiriwa. Alisema jiriwa haliendi mashindanoni. Bastola yake ingepigwa na mkono wa mtu, na mtu huyo angeweka jina. Kwa miaka thelathini na saba jina hilo lilikuwa E. Stotz, herufi ya mwisho ikiwa na mkia mrefu unaopita chini ya nyingine zote.

Tena hakuishia kwenye risasi tano. Kila Ijumaa alichukua bastola moja kati ya zile za wiki, bila kuchagua, akaipiga risasi sitini, kama mchezaji anavyopiga mashindanoni. Hakuna aliyemwagiza. Wakati wa zile sitini hatukuburuta hata boksi moja. Akimaliza alining'iniza jiwe la nusu kilo kwenye triga, pale kidole kinapovuta, maana sheria inasema triga ya bastola ya hewa lazima ilinyanyue jiwe hilo bila kufyatuka. Ikifyatuka mbele ya mkaguzi, mchezaji anafutwa, hata kama amepiga katikati zote sitini. Kisha alifagia risasi zilizobondeka, akanawa, akaenda nyumbani.

Muhuri ulikuja kwa sababu ya theluji. Januari 2010 ilikuwa wiki yake ya kufagia mbele ya nyumba wanamoishi familia sita, na ninyi mnajua zamu ya kufagia hapa haina udhuru. Alitoka na koleo saa kumi na mbili asubuhi, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mwingine angekaa nyumbani. Yeye alikuja kazini siku ya tatu na plasta mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Wa kushoto mzima." Wiki saba alipiga kadi kwa mkono wa kushoto! Wiki ya kwanza alitupa kadi mbili kwa kila moja aliyoikubali. Kufikia wiki ya tatu hata mimi sikuweza kuzitofautisha na za kulia. Ila kusaini kwa kushoto hakukuwezekana, mkia wa ile herufi ulikuwa unaingia kwenye namba ya bastola. Ndipo ofisi ikatengeneza muhuri wa jina lake, naye akaja na kuuweka mezani kwangu. "Hannelore, piga wewe. Kwako utakuwa salama." Plasta ilipotolewa akarudi kwenye kalamu. Muhuri nikauweka kwenye droo yangu, chini ya uzi wa kufungia. Yeye hakuudai, mimi sikumkumbusha. Kosa dogo, la watu wawili wanaoaminiana.

Mzee Hummler alifariki, watoto wakauza, na mwaka 2015 tukaletewa Dokta Mangold kutoka kaskazini awe meneja wa uzalishaji. Nitamtendea haki. Kiwanda kilikuwa kinaumwa. Bonde hili lina mafundi wengine wa bastola, wenye mashine bora kuliko zetu, na watu ishirini na wawili tunakula hapa. Modeli mpya ilitakiwa, akaileta: Modeli ya Saba. Ni nyepesi, mtutu wake mfupi, kishikio chake hakina tena mbao bali tabaka za rangi mbili zilizogandishwa, nyekundu na kijivu. Ni nzuri machoni, sikatai. Ndani ya triga, kipande kimoja kilichokuwa cha chuma, ambacho fundi alikisugua kwa mkono nusu saa, kikawa cha plastiki ngumu kinachotoka kwenye kalibu tayari.

Ijumaa moja ya Septemba mwaka jana, Bwana Stotz aliipiga Modeli ya Saba risasi zake sitini. Alipoweka jiwe kabla ya kuanza, triga ilinyanyua vizuri. Alipofika hamsini alisimama, akaitazama bastola kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona. Akamaliza sitini, akaning'iniza jiwe. Tik. Ikafyatuka. Akachukua nyingine, akapiga sitini, tik. Ya tatu ikavumilia. Ya nne, tik. Kidole kikivuta mara nyingi, na ukumbi ukipata joto la watu, kile kipande cha plastiki kinalegea kwa unywele, na unywele huo unatosha. Akaandika kwenye kadi zote HAPANA, akazipeleka juu.

Dokta Mangold alishuka naye mpaka kwangu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Bwana Stotz, kadi ni risasi tano. Si sitini."

"Mchezaji anapiga sitini."

"Kwenye jiriwa inatoboa tundu moja! Risasi tano, tundu moja! Wewe mwenyewe hujawahi kupiga hivyo."

"Kweli," akasema Bwana Stotz. "Ila jiriwa halina kidole."

"Tutakibadilisha kile kipande mwaka ujao. Sasa hivi maboksi yanasubiriwa."

"Basi na yasubiri. Jina langu siliweki."

"Hakuna anayekulazimisha, bwana," akasema Dokta Mangold, tena kwa upole. Nilifikiri yameisha.

Jumanne iliyofuata Bwana Stotz alikuwa kwa daktari wa meno. Dokta Mangold akaingia chumba cha kufungashia na katoni ya kadi. Zote zilikuwa na tundu moja safi katikati, zimepigwa na jiriwa, na mahali pa jina pakiwa patupu.

"Bi Kipp, si una muhuri wa Stotz?"

"Upo."

"Piga hizi. Wateja wanapenda kuona jina wanalolijua."

Nikamuuliza, "Bwana Stotz anajua?"

"Atajua," akasema, akatoka.

Wenzangu, sikulazimishwa. Hakuna aliyenishikia bastola kichwani, na humu ndani zimejaa. Ningeweza kusema hapana, neno hilo nilikuwa nimeliona kwenye kadi nne za Ijumaa, limeandikwa kwa herufi kubwa na mtu ninayemheshimu kuliko wote humu. Nilijiambia ni kadi tu. Nilijiambia wakubwa wanajua. Nikafungua droo, nikatoa muhuri chini ya uzi, nikapiga kadi mia tatu na kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Kisha nikala viazi vyangu. Jioni Bwana Stotz alirudi na shavu limevimba, akaniuliza kama siku imekwenda vizuri, nikamwambia vizuri.

Maboksi yaliondoka. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Kila asubuhi alinisalimia, "Vipi, Hannelore," na kila asubuhi nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Katikati ya Januari alikuja binti mmoja, Jule Birkle, wa klabu ya kijiji cha pili kutoka hapa. Ana miaka kumi na tisa. Alikuja na baba yake, wamebeba boksi la Modeli ya Saba. Jumapili iliyotangulia walikuwa na shindano la kuchagua timu ya mkoa. Jule alipiga sitini, akashika nafasi ya pili, na nafasi mbili ndizo zilizokuwa zinachukuliwa. Mkaguzi akamwita baada ya shuti la mwisho, kama wanavyowaita wachache kwa bahati nasibu. Akaning'iniza jiwe. Tik. Akaning'iniza tena. Tik. Jina lake likafutwa mbele ya ukumbi mzima, na kuna watu walionong'ona kwamba ameilegeza triga makusudi. Hilo ndilo lililomliza, siyo timu.

Hakwenda ofisini. Alimwomba mlinzi amwitie Bwana Stotz, wakakutana palepale mlangoni kwangu, mimi nikiwa na trei ya skrubu mikononi. Binti akatoa kadi. Hakupiga kelele, na laiti angepiga.

"Baba yangu alinunua hii kwa sababu ya jina," akasema. "Babu yangu naye ana bastola yenye jina lako. Wewe uliipiga hii, Bwana Stotz. Hukuhisi kitu?"

Bwana Stotz akaipokea kadi. Aliitazama kwa muda mrefu, lile tundu moja, kisha jina, kisha mkia wa ile herufi, ambao kwenye muhuri umekatika kidogo mwishoni kwa sababu mpira umechakaa. Alijua. Niliona alivyojua. Angeweza kusema, hii siyo yangu, binti, nimedhulumiwa kama wewe. Angekuwa anasema kweli tupu. Hakusema.

"Ni jina langu," akasema. "Naomba radhi, Jule. Hukulegeza kitu wewe. Nitamwandikia mkaguzi leo hii."

Na alimwandikia, kwa mkono. Haikurudisha nafasi. Sheria ni sheria, timu ilikuwa imeshatangazwa.

Walipoondoka, aliniwekea kadi juu ya trei.

"Muhuri ulikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. Kisha akasema, "Ahsante kwa kunijibu, Bi Kipp."

Bi Kipp. Miaka kumi na miwili ikafutwa kwa neno moja, bila sauti kupanda. Nilisimama na ile trei mpaka mikono ikafa ganzi. Afadhali angenitukana! Alichukua ufagio, maana ilikuwa zamu yake, akafagia karakana yote mpaka chini ya mashine ambazo hakuna anayefagia.

Mengine mnayajua nusu, niwape na nusu iliyobaki. Alipanda ofisini, akaomba bastola zote mia tatu na kumi na mbili zirudishwe, yeye angezipiga moja moja, sitini sitini, hata Jumamosi. Akaambiwa kuziita zirudi ni kuizika modeli kabla ya maonyesho makubwa ya Machi. Akaomba basi wenye nazo waandikiwe wapime triga kabla ya kushindana. Akaambiwa barua nayo ni kuita. Akasema hatapiga tena kadi hata moja. Wiki iliyofuata kukawa na karatasi ya kustaafu, miaka miwili na ushee kabla ya siku yake, "kwa makubaliano ya pande zote." Alisaini. Mkia wa herufi ulipita chini ya karatasi yote, mimi ndiye niliyeitia kwenye bahasha.

Sasa kuna desturi ya kiwanda hiki. Anayestaafu hupewa bastola anayoichagua, na kadi yake haipigwi na yeye. Inapigwa na wenzake, kila mmoja shuti moja, kila mmoja anasaini, hata wa ofisini, hata mpishi. Kadi hizo ni vichekesho, kuna mashuti yanayotoka nje kabisa, na watu hutundika ukutani mpaka wafe. Dokta Mangold alimwuliza Bwana Stotz angependa modeli gani, akidokeza kwamba picha na Modeli ya Saba ingependeza kwenye gazeti la wilaya.

"Sitaki bastola," akasema Bwana Stotz. "Nataka muhuri wangu."

Alijibiwa kwamba muhuri ni mali ya kiwanda, umeandikwa kwenye orodha ya vifaa, na bado una matumizi. Bado una matumizi! Mtu anaondoka, jina linabaki kazini. Niliposikia hivyo nilipata hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mnasoma karatasi hii mkiwa mezani. Nimeichapa asubuhi na kuiweka kando ya sahani zenu mwenyewe, pamoja na saladi ya viazi. Dokta Mangold, ukifika hapa usisimame, supu itapoa, tena zile Maultaschen ndani yake, vifuko vya unga vyenye nyama, amezikunja mke wa mlinzi tangu jana. Hakuna cha kukimbilia kuzuia. Yaliyotakiwa kufanywa yameshafanywa.

Bwana Stotz, chini ya kiti chako kuna boksi. Lifungue. Halina bastola, kama ulivyotaka. Lina muhuri wako, umefungwa kwa uzi wangu. Niliutoa kwenye droo Jumatatu na kwenye orodha ya vifaa nimeandika: umerudishwa kwa mwenye jina. Chini yake kuna kadi ya desturi. Watu kumi na tisa kati ya ishirini na wawili wameipiga, bila jiriwa. Ile risasi iliyotoka nje kabisa ya duara ni yangu, nilikuwa nalia.

Na chini ya kadi kuna nakala ya barua. Orodha ya kufungashia iko kwangu, namba ya kila bastola na klabu au duka ilikopelekwa. Nimeandika barua mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila bastola, wikendi tatu mfululizo. Zinasema wapime triga baada ya risasi sitini, wasiende nayo mashindanoni mpaka wapate kipande cha chuma, na kwamba kadi iliyomo kwenye boksi haikupigwa na E. Stotz, aliyeikataa modeli hiyo tangu Septemba. Zinasema aliyegonga jina ni mimi. Zimeondoka posta jana mchana. Ya Jule Birkle niliipeleka kwa miguu. Alinifungulia mlango, akaisoma yote nikiwa nimesimama barazani, hakunikaribisha ndani, na alikuwa na haki.

Kila moja nimeisaini kwa kalamu, jina langu lote. Kufikia ya mia kidole kilivimba, kufikia ya mia mbili nikawa nasaini kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilifikiria muhuri, nikacheka kwa uchungu, nikaendelea. Kazi yangu hapa pengine inaisha leo pamoja na yako, na kama ni hivyo, hakuna haja ya kuniandikia wasifu.

Tunakushukuru, Bwana Stotz, kwa kila kadi uliyoipiga kwa mkono wako, wa kulia na wa kushoto. Mizabibu ya shamba lako la mlimani ikuzalie, magoti yako yakufikishe huko, na Ijumaa zako ziwe kimya bila wewe kuzitafutia kazi. Wenzako wote tunakutakia maisha mema uendako.

Mimi nitakuwa kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango, na glasi mbili za divai nyeupe. Ukipita na kuniambia kwaheri Bi Kipp, nitaitikia, sina kinyongo. Ila moja ya glasi hizo siinywi mimi.